Gemu ya utotoni imepoteza ladha. Je, kumbukumbu ilinidanganya?

Swali

Daktari, habari za kazi. Nina miaka 42. Kuanzia miaka minane hadi kumi na miwili, mimi na kaka yangu, aliyenizidi miaka mitatu, tulicheza sana gemu za kaseti, hasa Contra. Yeye pedi ya kwanza, mimi ya pili. Kaka ndiye aliyejua siri zote, na pale kwenye maporomoko ya maji alikuwa akisimama kunisubiri nipande. Mwezi uliopita nilinunua kiboksi chenye mamia ya gemu za zamani, nikakichomeka kwenye TV ya sebuleni, watoto walipolala nikacheza. Hata dakika ishirini hazikufika. Picha mbaya, nakufa hovyo, hatua ya tatu sikuimaliza. Nikazima, nikabaki nimekaa na huzuni nisiyoweza kuieleza. Kumbukumbu yangu ilinidanganya? Au ndiyo nazeeka? Na mtu mzima kutafuta vitu hivi si kupoteza muda? Kaka sasa anaishi nchi nyingine, na hatuongei kama zamani.

Jibu

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama mahali pamoja: kwenye maporomoko ya maji. Nitarudi hapo, kwa sababu naamini jibu lako liko pale. Lakini umeuliza mambo matatu waziwazi, na una haki ya kujibiwa waziwazi. Kumbukumbu yako haikukudanganya. Ilipamba kidogo tu. Umri una mchango, ila mdogo kuliko unavyoogopa. Na usiku ule hukupoteza muda. Ulikwenda kuipima gemu ile huku vitu vitatu vikiwa na kasoro: TV haikuwa ile, vidole vyako vilikuwa vinafuata saa ya zamani, na pedi ya pili haikuwa na mtu.

Mimi kazi yangu ni kufundisha saikolojia ya kumbukumbu, na jioni nikishatoka darasani huwa nafungua na kutengeneza mashine za gemu za zamani. Kwa hiyo niruhusu nianze na TV. Ndilo jambo ambalo watu hawalifikirii, na ndilo rahisi kulirekebisha.

Contra unayoikumbuka, ile ya NES (mashine ya gemu ya Nintendo), ilitoka mwaka 1988, na walioiunda walikuwa wakiitazama kwenye TV ya chogo. Ndani ya chogo lile mwale wa elektroni ulipita nyuma ya kioo mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini, mara 60 kwa sekunde, au mara 50 kwa mifumo mingine ya TV. Chogo halikuwa na mahali pa kuweka picha. Ishara ikiingia, inachorwa hapohapo, na kabla mwale haujafika chini ya kioo jicho lako limekwisha iona sehemu ya juu. Unabonyeza, kijana anaruka.

TV bapa ya sebuleni kwako haifanyi hivyo. Inasubiri picha ifike. Kisha inaichukua picha ile ndogo ya pikseli 256 kwa 240 na kuitanua ijaze kioo chenye pikseli mamilioni, inasafisha kingo, inakoleza rangi, inalainisha mwendo, ndipo inakuonyesha. Kwenye filamu hakuna anayegundua, maana sauti nayo hucheleweshwa ili viende pamoja. Kwenye gemu kidole kinagundua. Fremu moja, yaani picha moja katika zile 60 za kila sekunde, ni takriban milisekunde 17. TV ikichelewa milisekunde 80, jambo la kawaida kabisa kama hali ya gemu haijawashwa kwenye mipangilio yake, basi unacheza karibu fremu tano nyuma ya kilichokwisha tokea. Na Contra ni gemu ambayo risasi moja inakuua. Hakuna kujeruhiwa, hakuna mstari wa afya unaopungua taratibu. Risasi za adui zinatembea polepole, unaziona zikija, na ustadi wote uko katika kuruka kwa wakati wake. Ukichelewa fremu tano umekwisha. Umeniandikia kwamba ulikuwa unakufa hovyo. Ninavyoamini mimi, vingi kati ya vifo vile ulikuwa unaruka vizuri tu, mbele ya TV iliyokuwa ikikuonyesha mambo yaliyokwisha pita.

Kuhusu ubaya wa picha pia usijilaumu. Chogo lilikuwa linalainisha. Nukta moja ya mwanga ilimwagika kidogo kwa jirani yake, na kebo za zamani zilichanganya rangi, kwa hiyo wachoraji wa gemu walichora wakijua mchanganyiko huo utatokea. Mfano ninaoupenda ni maporomoko ya maji mengine, yale ya gemu ya Sonic ya mwaka 1991 kwenye Mega Drive, mashine ya Sega. Ukiyatazama kwenye TV ya leo ni milia ya wima iliyopangwa kama nguzo za uzio. Kwenye chogo milia ile iliyeyuka ikaungana, na ukaona maji yanayopitisha mwanga, mlima ukionekana nyuma yake. Mashine yenyewe haikuwa na uwezo wa kuchora maji ya namna hiyo. Kebo na kioo vilimalizia kazi ya mchoraji. Wewe uliona maji, na unakumbuka maji, na hukukosea.

Pengine pia kiboksi chako kiliivuta picha ijaze kioo kizima. Gemu zile zilichorwa kwa uwiano wa 4:3, na TV za sasa ni 16:9, kwa hiyo kila kitu kinatanuka theluthi moja kwenda pembeni. Wale vijana wawili wembamba uliowajua wamekuwa mapipa. Tena wewe kuna kitu umebakiziwa: wapo wapenzi wa Duck Hunt ya mwaka 1984, iliyochezwa kwa bunduki ya plastiki iliyotegemea jinsi chogo lilivyowaka. Mbele ya TV bapa bunduki ile haioni kitu. Gemu nzima ilikwenda na TV yake.

Sasa vidole. Kuna kumbukumbu ya mambo tunayoweza kuyasimulia, na kuna kumbukumbu ya mambo ambayo mwili unayajua bila kuulizwa, kama kuendesha baiskeli au kufunga kamba za viatu. Hii ya pili ni sugu ajabu. Nimeshuhudia mara nyingi: mtu wa makamo namwuliza ule mfuatano wa siri wa vitufe wa Contra, anakuna kichwa, anaanza "juu, juu, chini…" halafu anapotea. Nampa pedi mkononi. Anaitazama kidogo, kisha gumba lake la kushoto linakwenda lenyewe, juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, na la kulia linamalizia B, A. Mwenyewe anashtuka. Aliyeubuni mfuatano ule alikuwa Mjapani aitwaye Kazuhisa Hashimoto. Mwaka 1986 alikuwa akiiandaa gemu ya Gradius kwa mashine ya nyumbani, na gemu ikawa ngumu mno kwake kuipima, akajiwekea njia ya kupewa silaha zote mwanzoni. Miaka miwili baadaye mfuatano huohuo uliwapa wachezaji wa Contra maisha 30 badala ya matatu. Hiyo ilikuwa mojawapo ya zile "siri" za kaka yako, bila shaka.

Kwa hiyo vidole vyako bado vinajua. Tatizo ni kwamba vinajua kwa saa ya chogo. Vilifundishwa mamia ya saa kwamba kati ya kubonyeza na kuruka hakuna kitu, halafu ukavipeleka mahali ambapo pana kitu. Vitazoea, lakini dakika ishirini hazitoshi.

Na uzee? Nisikufiche: kasi ya kuitikia hushuka, na huanza kushuka mapema kuliko watu wanavyodhani. Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Kanada walichapisha mwaka 2014 uchunguzi wa wachezaji 3,305 wa StarCraft 2, gemu ya vita ya kompyuta, wenye miaka 16 hadi 44, wakaona mwendo unaanza kupungua kidogo kidogo kuanzia miaka 24. Lakini waliona pia kwamba wachezaji wenye umri mkubwa walifidia kwa kurahisisha mchezo wao na kutumia njia za mkato vizuri zaidi. Kushuka kwenyewe ni kwa vipande vidogo vya sekunde. TV yako peke yake inaweza kuwa ilikunyang'anya zaidi ya umri wako.

Hapo nimeitetea kumbukumbu yako kwa upande wa mashine. Kwa upande wa kumbukumbu yenyewe sina budi kuwa mkweli zaidi.

Kumbukumbu haikai kichwani kama picha ndani ya bahasha. Kila ukiikumbuka unaijenga upya, na vifaa vya ujenzi ni vya siku hiyo unayokumbuka. Halafu kuna jambo ambalo wanasaikolojia wamelipima tena na tena: uchungu uliofungamana na tukio hufifia haraka kuliko furaha iliyofungamana nalo. Tukio la kero likikaa miaka thelathini, kero inachujika, linabaki tukio. La furaha linabaki na sehemu kubwa ya furaha yake. Juu ya hayo, watu wazima wakiombwa kukumbuka maisha yao hukumbuka kwa wingi usio wa kawaida mambo ya kati ya miaka kumi na thelathini. Gemu yako iko mlangoni mwa kipindi hicho.

Nilijifunza hili kwa mwili wangu mwenyewe, si kwa vitabu. Mimi nilikuwa mtu wa Metroid, ile ya NES ya mwaka 1987. Haikuwa na mahali pa kuhifadhi ulipofikia. Ukifa ilikupa neno la siri lenye herufi na tarakimu 24, ulinakili kwenye karatasi, na kesho yake uliingiza moja moja. Herufi kubwa ni tofauti na ndogo, na ndani yake kuna O na kuna 0. Kwa miaka mingi nilisimulia jambo hilo kama raha tupu: daftari langu la mistari, kalamu ya buluu, mimi kama mpelelezi. Kisha nikalipata daftari lenyewe kwenye sanduku la vitu vya zamani. Ukurasa wa tisa una neno la siri lililokatwa kwa kalamu mara nyingi hadi karatasi ikatoboka, na tundu limepita kurasa mbili nyuma. Nilikuwa nimeandika O mahali pa 0, na wiki nzima ya mchezo ikapotea. Nilipoligusa tundu lile ndipo nikakumbuka kwamba nililia. Kumbukumbu yangu ilikuwa imebaki na kalamu ya buluu na kuliacha tundu.

Basi na wewe, dada, kuna matundu umeyasahau. Kungoja zamu. Kugombania pedi isiyo na kitufe kilicholegea. Kuambiwa umesababisha mkafa. Na kuna alasiri nzima za kurudia hatua ileile kwa sababu kaseti ilikuwa moja. Ulipokaa sebuleni mwezi uliopita ulikutana na gemu ikiwa na matundu yake yote, na ukadhani imeharibika.

Kuwa na kaseti moja kulifanya kazi nyingine, nayo watu huidharau. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 nzima ilikaa ndani ya kilobaiti 40. Picha moja tu unayoipiga kwa simu leo huzidi hapo mara nyingi. Nafasi ilikuwa finyu kiasi kwamba wingu na kichaka katika gemu ile ni umbo lilelile moja, juu limepakwa nyeupe, chini kijani. Mtoto aliyecheza hakuona hila hiyo. Aliona anga na aliona majani, kwa sababu kichwa chake kiliongeza kilichokosekana. Muziki vivyo hivyo: chipu ya sauti ya NES ilikuwa na njia tano tu, moja ya mawimbi ya pembetatu ikishika besi na nyingine ya kelele ikifanya ngoma. Watunzi walilazimika kutunga wimbo mfupi unaoweza kurudiwa mara elfu bila kuchosha. Ukiusikia leo kwa sekunde mbili unajua uko hatua ya ngapi. Ulicheza kaseti moja miezi na miezi, na kila siku uliongezea kitu chako mwenyewe ndani yake. Kiboksi chenye gemu mamia hakikupi nafasi ya kuongeza. Ikikukera ya kwanza unaruka ya pili.

Hamu hii ya mambo ya zamani huitwa nostaljia, na neno lenyewe lilizaliwa hospitalini, kwa maana fulani. Mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari wa Basel, Johannes Hofer, aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, kurudi nyumbani na maumivu, kuutaja ugonjwa aliouona kwa watu waliokaa mbali na kwao. Baadaye ukahusishwa sana na askari wa Uswisi waliopigana ugenini kwa malipo. Kwa muda mrefu madaktari waliuhesabu kuwa maradhi hasa, ya kutibiwa. Leo hatuuoni hivyo. Kuanzia miaka ya 2000, Constantine Sedikides, Tim Wildschut na wenzao wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, wamechunguza hisia hii kwa makini, na mambo mawili waliyoyapata nadhani yanakuhusu moja kwa moja. La kwanza: katika simulizi za namna hii mtu karibu kila mara yumo pamoja na watu wake wa karibu, vitu na mahali hubeba watu. La pili: hisia hii huja zaidi mtu anapokuwa mnyonge, hasa akiwa mpweke, na ikishakuja humfanya ajione anapendwa na ana wenzake. Yaani ni mwili unaojitafutia joto.

Sasa turudi kwenye maporomoko.

Umeicheza Contra vya kutosha kujua ninachotaka kusema, lakini nitakieleza taratibu. Hatua ya kwanza mnakimbia msituni kutoka kushoto kwenda kulia. Ya pili mko ndani ya ngome, mnapiga kuelekea ndani. Ya tatu ndiyo maporomoko, na hapo mchezo unabadilika: mnapanda. Jiwe hadi jiwe, kwenda juu, na skrini inapanda pamoja na aliye juu zaidi. Kila jiwe linalotoka chini ya skrini linakuwa halipo tena. Aliyechelewa, jiwe lake likitoka naye amekufa, hata kama hakuguswa na risasi. Kwa maneno mengine, mchezaji aliye hodari zaidi anaweza kumuua mwenzake kwa kwenda mbele tu. Hahitaji ubaya wowote. Inatosha asigeuke kutazama chini.

Nimewatazama watu wengi wakiicheza hatua ile, ndugu kwa ndugu, marafiki, wanandoa. Wengi huuana, kisha hulaumiana. Kaka yako alikuwa na miaka kumi na moja, anajua kila adui anatokea wapi, ana silaha ya S mkononi inayomwaga risasi kama feni, na alikuwa anasimama kwenye jiwe. Kwa mtoto wa umri ule, kusimama ni gharama. Risasi zinaendelea kuja, hana kinga, na yeye angeweza kumaliza hatua peke yake. Alikuwa akisimama ili jiwe lako lisitoke.

Ndiyo maana katika barua nzima, ukizungumzia Contra, hukutaja bosi hata mmoja, yule adui mkubwa wa mwisho wa hatua. Hukutaja mwisho wa gemu. Umetaja nani alikuwa na pedi gani, nani alijua siri, na nani alisimama. Halafu ukamalizia kwa kuniambia mambo ambayo hukuulizwa: kwamba yuko nchi nyingine na hamuongei kama zamani. Ulipofika hatua ya tatu usiku ule ulikuwa peke yako juu ya maporomoko, na skrini ilipanda kwa mwendo wako mwenyewe, hakuna wa kukusubiri wala wa kumsubiri. Ulizima palepale. Huzuni unayosema huwezi kuieleza, mimi naona umeieleza.

Kwa hiyo swali lako la tatu, kama ni kupoteza muda, nalijibu kwa moyo wote: hapana. Tena kuna sababu pana kuliko yako na yangu. Mwaka 2023 taasisi iitwayo Video Game History Foundation ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena sokoni kwa njia ya kawaida. Kaseti zinaoza taratibu. Zile zenye kuhifadhi mchezo, kama Zelda ya kwanza, zina betri ndogo ndani, na betri ikiisha kilichohifadhiwa kinafutika. Niliwahi kuletewa Zelda moja na mama mmoja aliyeniomba niikarabati lakini nisiguse betri. Nikamweleza kwamba betri ile iko mbioni kufa yenyewe. Akanionyesha skrini ya mwanzo: majina matatu ya wachezaji, na la tatu lilikuwa la mdogo wake, aliyekwisha fariki, limeandikwa kwa herufi kubwa na kosa moja la tahajia. Tulitoa nakala ya data kwanza, nikabadilisha betri, tukairudisha data. Jina liko pale na kosa lake. Siwezi kumwambia mtu yule kwamba anashughulika na vitu vya kitoto.

Ningekuonya jambo moja tu. Hisia hii inafaa ikikurudisha kwa watu. Ikianza kukuondoa kwao, ukajikuta kila usiku uko na kiboksi hadi saa nane na asubuhi huna nguvu ya wanao, hapo sema na mtu. Sioni dalili hiyo kwako.

Ningekushauri hivi. Kiboksi chako kirudishe au kipe kazi nyingine. Vingi vya namna hiyo vina ucheleweshaji wao wenyewe juu ya ule wa TV. Konami, kampuni iliyoitengeneza Contra, walitoa mwaka 2019 mkusanyo uitwao Contra Anniversary Collection, wenye Contra ya NES ndani yake, unaochezeka kwenye mashine za kisasa na kompyuta. Ukibahatika kupata mashine ya zamani, kaseti yake na TV ya chogo, ni bora zaidi. Ila usipulize kaseti kama tulivyofanya wote. Mate yanakula shaba, na kilichokuwa kinasaidia ni kuitoa na kuichomeka upya. Pangusa meno yake kwa pamba yenye spiriti.

Cheza gemu hiyo moja tu, siyo mia. Nusu saa, siku chache mfululizo, uache vidole vijirekebishe. Usiwalazimishe watoto waipende. Wao wana kaseti yao ya moyoni inayojengwa sasa hivi, na inawezekana ni gemu ambayo wewe huielewi. Wakikuomba ukae nayo, kaa. Hata kama kazi yako ni kushika pedi ya pili na kufa kila baada ya dakika moja.

Na mwandikie kaka yako. Usianze na "tumepotezana", maana watu wazima wakisikia hivyo hujitetea. Mwulize tu kama anakumbuka alikuwa akisimama jiwe la ngapi. Kucheza pamoja kwa intaneti mkiwa nchi mbili kunawezekana, zipo programu za kompyuta zinazoruhusu, lakini umbali nao unaleta ucheleweshaji, na Contra haisamehi. Mimi ningesubiri aje. Atakapokuja, TV iwe imekwisha wekwa kwenye hali ya gemu na picha iwe 4:3, pedi zote mbili zimejaribiwa. Mfuatano mwachie yeye auweke, vidole vyake vitaukumbuka. Mkumbushe jambo moja tu ambalo wengi husahau: mkiwa wawili, baada ya A hapaswi kubonyeza Start moja kwa moja. Anaanza na Select, ili mchezaji wa pili aingie, ndipo Start.